Kiti Kisichofungwa Kamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama kwenye mlango wa nyuma nikapiga hodi, na hapana aliyenijibu. Nikapiga tena, kwa sauti ya mtaani kwetu Kibokoni, ile ya kumfikia mtu aliye juu darini. Binti yangu Rukia, aliyenileta kwa gari kutoka Lewisville kabla ya kwenda zamu yake ya unesi, alikuwa nyuma yangu akitazama saa.

"Mama, huku hawapigi hodi. Bonyeza kengele."

"Kengele haisemi mimi ni nani."

Ndipo sauti nyembamba ikatoka jikoni, kwa Kiingereza: "Nani huyo anayeniimbia?"

Huyo alikuwa Miss Lottie, mwenye nyumba. Rukia akamweleza kwamba kwetu mtu havuki kizingiti cha mwenzake mpaka aseme hodi, na mwenye nyumba naye hujibu karibu. Yule bibi wa watu akalijaribu neno, likamtoka limevunjikavunjika. Karibu. Nikaingia. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Karatasi zilikuja baadaye.

Vijana wetu wanaofanya usafi na kutunza wazee huku Dallas na Fort Worth huniuliza niliwezaje kukaa nyumba moja miaka yote ile, kwanza nikimwogesha mwenye nyumba, kisha nikiipangusa nyumba yenyewe. Nawaandikia hao. Shule sikwenda sana. Nilitolewa nikiwa najua kusoma na kuandika, wakasema yatosha. Basi msinitafutie makosa ya kalamu, nisikilizeni.

Nyumba ilikuwa Fort Worth, mtaa wa zamani upande wa kusini, wenye miti mikubwa ya pekani inayodondosha kokwa zake juu ya magari ya watu. Nyumba ya mbao, ghorofa mbili na kimnara pembeni, na ukingo wa baraza umetobolewa matundu matundu kama kofia iliyoshonwa kwa mkono. Nyumba za namna hiyo huziita za Kiviktoria, kwa jina la malkia wa Uingereza aliyekuwa akitawala zilipojengwa, ingawa malkia mwenyewe hakutia mguu Texas. Aliijenga babu yake Miss Lottie, mfanyabiashara wa pamba. Akaijaza viti. Wallahi sijaona nyumba yenye viti vingi hivyo na makalio machache hivyo.

Kazi yangu ya kwanza iliitwa utunzaji wa nyumbani. Unamwamsha mzee, unamwogesha kwa kipande kipande ili asipate baridi, unatazama visigino na mgongo kama ngozi imeanza kuwa nyekundu, maana wekundu ule ukiuacha leo kesho ni kidonda. Unamgeuza kwa shuka, humvuti kwa mkono, mkono wa mzee huchomoka. Unampa chakula akiwa amekaa wima. Na unakaa naye. Hilo la mwisho hawaliandiki popote, nalo ndilo linalowashinda wengi. Kijana anampa mzee supu huku jicho liko kwenye simu.

Miss Lottie alikuwa wa mwisho wa ukoo wake pale. Hakuolewa. Alikuwa na mpwa Houston, aliyepiga simu siku za sikukuu na kuuliza kama paa bado linashika. Alikuwa mkali, mcheshi, na mdomo wake haukuwa na mlango. Jina langu, Mwanaisha, lilimshinda, akanikata katikati.

"Isha, hiki umenipikia ni nini?"

"Uji wa mchele, Miss Lottie."

"Una ladha ya gundi ya karatasi."

"Basi utakushikisha vizuri."

Alikuwa anacheka mpaka akohoe.

Sebule ya mbele ilifungwa tangu utotoni mwake. Mama yake alikuwa haruhusu mtoto kukaa kwenye viti vile vya mahameli. Vilikuwa vya wageni, na wageni wenyewe walipokuja walikaa nchani kama kuku kwenye waya. Ndiyo nasema nyumba ile ilianza kuwa makumbusho kabla mtu hajafa. Miss Lottie alipobaki peke yake akahamia jikoni na chumba kidogo kilicho kando yake, akawaachia babu zake nyumba iliyobaki.

Jikoni alikuwa na kiti chake. Cha duka, miguu ya chuma cha kung'aa, kalio la plastiki nyekundu lililochanika likazibwa kwa utepe wa gundi. Alikiweka karibu na dirisha. Kila akijigeuza plastiki ile ilikuwa inalia, kwi, hata nikiwa darini natafuta mashuka nilijua yu macho. Mimi nilikaa juu ya kigoda cha kupandia kabati, mkabala naye, tunakunywa chai. Nyumbani kwa Rukia wote wametoka: mwenyewe hospitalini, mumewe kwenye lori, mjukuu wangu Salma shuleni, na Lewisville asiyekuwa na gari ni sawa na asiyekuwa na miguu. Nisingekuwa na jikoni ile ningesahau kuongea.

Mpwa wa Houston alipoanza kuuliza bei ya kiwanja, Miss Lottie aliita watu wa chama cha kuhifadhi nyumba za kale, akaiandikisha nyumba kwao ili akifa wasiivunje wakajenga ghorofa za kupanga. Wakaja na tai zao, wakazunguka, wakapapasa kuta. Walipoondoka alinishika mkono. Alikuwa na mkono mwepesi kama bawa.

"Isha, unajua watakachofanya? Watafunga kamba. Kila kiti kamba mbele yake, watu wapite waangalie. Vile vya mbele sivionei huruma, vimezoea. Lakini hiki ni cha kukaa. Mimi nimeishi kwenye hiki. Usikubali wakifunge kamba."

"Sikubali."

"Sema tena."

"Sikubali, Miss Lottie. Kunywa chai."

Alifariki majira ya mvua ya mawe, asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wangu. Nilimfumba macho. Mpwa akaja kutoka Houston, akanishukuru kwa adabu, akachukua saa ya ukutani. Siku ya pili nilirudi kuchukua viatu vyangu. Nikapiga hodi kwa mazoea, nikasimama pale mlangoni nikisubiri, mpaka nikakumbuka.

Mkubwa wangu wa pili alikuwa Mhifadhi, mama mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni, msomi wa vitu vya kale. Chama kilimleta aigeuze nyumba iwe ya kutembelewa. Alinikuta nakunja mashuka akaniuliza kama nataka kubaki, niwe mtunza nyumba. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Watu walidhani nilipenda mshahara. Nilikuwa naogopa kurudi kukaa peke yangu mchana kutwa.

Yule Mhifadhi alinifundisha kazi upya, na nasema haki yake: alinifundisha vizuri. Mimi kwetu nilisifiwa kwa kusugua masinia ya shaba, wanawake walikuwa wananiazima wakiwa na harusi. Nilipoona taa za shaba za sebuleni zimekuwa nyeusi nikamwomba ndimu na majivu. Alishika kifua kana kwamba nimemwambia nataka kuchinja mtu.

"Bibi, ukisugua, unakula shaba yenyewe. Kila mara kidogo. Baada ya miaka mia hakuna taa."

"Baada ya miaka mia hakuna mimi pia."

"Wewe huna namba ya makumbusho. Taa inayo."

Alikuwa na mzaha wake mkavu, sikumchukia.

Kufuta vumbi kulikuwa kazi ya brashi ya manyoya ya mbuzi, laini kama ya kupakia poda. Unalisukuma vumbi hewani polepole, na mkono wa pili unashika bomba la mashine ya kuvuta, mdomo wake umefungwa wavu ili likibanduka ua la kuchonga lisimezwe. Maji marufuku. Kiti hukiinui kwa mikono yake, unashika fremu iliyo chini ya kalio, na unakibeba, hukikokoti. Kalamu ya wino haiingii ndani, penseli tu. Mapazia huyaachi wazi, mwanga hula rangi kuliko nondo. Pembeni mwa vyumba tuliweka mitego ya gundi, nami nilisomea wadudu wangu mpaka nikawajua kwa sura: huyu anakula sufu, huyu anakula karatasi, huyu amepotea njia tu.

Na mwanzo wa kila mwaka, wageni wakipungua, tulifanya jambo wanaloliita kuilaza nyumba. Kila kiti, kila meza, kila kitanda unakifunika kwa shuka nyeupe ya pamba, unaifunga kwa utepe chini. Mara ya kwanza niliyoifanya peke yangu niligeuka nikaona sebule nzima imevikwa sanda. Nikasoma Fatiha, nikatoka nje nikakaa barazani na baridi ile mpaka Rukia akaja kunichukua.

Sasa nije kwenye kiti. Mhifadhi alipanga kwamba nyumba isimulie wakati wa babu, aliyeijenga, si baada yake. Hicho huitwa kipindi cha nyumba. Kitu cha kipindi kinapewa namba, ndogo kama sisimizi, inaandikwa chini yake juu ya vanishi ili iweze kutolewa bila kudhuru. Kisicho na namba si cha makumbusho. Basi walipofika jikoni wakang'oa. Jiko la gesi la Miss Lottie likatoka, kabati zikatoka, zulia la plastiki likatoka, na kile chuma cha kujishikia nilichokuwa nimemfungia karibu na sinki. Wakaleta jiko la kuni lililonunuliwa kutoka nyumba ya watu wengine, halijawahi kupika hata yai mle ndani, nalo likapewa namba. Kiti chekundu kikawekwa nje na takataka.

Nikakirudisha ndani. Mhifadhi akakitoa. Nikakirudisha.

"Bibi, hiki hakina thamani. Maelfu yake yametengenezwa."

"Alikikalia mwenye nyumba!"

"Alikikalia miaka mingi baada ya kipindi."

"Kwani yeye hakuwa kipindi? Mtu ameishi humu umri wake wote, mnamfuta kama vumbi! Kipeni namba. Kiwekeni hapo dirishani kilipokuwa. Kiandikieni kibao, kifungieni na ka..."

Nilikuwa karibu kusema kamba. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nilimwahidi mtu anayekufa. Nilisimama mle jikoni mwenye harufu ya mbao mpya, nimekikumbatia kiti kile, na Mhifadhi ananisubiri nimalize.

"Basi," nikasema. "Msikipe namba."

"Umekubali?"

"Nimekubali. Nipe mimi, nikae nikichoka."

Alidhani ameshinda, akafurahi, akaniruhusu nikiweke stoo, nyuma ya pazia, wageni wasikione. Kwa hiyo katika nyumba ile yote yenye viti vya mahameli, vya kuchonga na vya kubembea, kimoja tu ndicho kilichoruhusiwa kukaliwa, nacho ni kile walichokikataa. Nilikuwa nakula chakula changu cha mchana hapo. Nikijigeuza kilikuwa kinalia, kwi. Kila asubuhi nilipiga hodi mlango wa nyuma. Nilijua hapana mtu. Nilipiga tu.

Miaka ilikwenda hivyo. Wageni wanapita sebuleni, mtembezaji wao anawaambia babu alikaa hapa, babu alivuta biri pale, nao wananipita na brashi yangu kama wanaopita mguu wa meza. Akina Rukia walihamia Cedar Hill, nami pamoja nao, nyumba kubwa zaidi, kila mtu na chumba chake na mlango wake umefungwa. Salma nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Siku nyingine nilihesabu maneno niliyoyasema tangu alfajiri, nikakuta ni hodi na salamu za sala.

Kisha Mhifadhi akaenda kazi nyingine, akaja mkubwa wangu wa tatu, Meneja, kijana mwenye ndevu zilizochongwa na moyo mwema. Yeye alisema watu wa leo wamechoka na babu wa pamba. Wanataka kujua nani alipika, nani alifua, nani alimwogesha nani. Akapita stoo akanikuta nimekaa.

"Bi Mwanaisha, hiki kiti ni cha nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia mengi, maana aliuliza na akasubiri jibu. Sikumwambia la kamba tu. Alikaa chini sakafuni akinisikiliza kama mtoto.

"Hiki ndicho kitu chenye hadithi kuliko vyote humu," akasema. "Tutakirudisha dirishani. Na wewe ukutani: picha yako, jina lako lote, kazi yako. Tutakipa namba."

Nisiwadanganye, wanangu. Nilitaka. Mimi niliyetolewa shule kwa kuwa inatosha, jina langu kwenye ukuta wa nyumba ya kumbukumbu Marekani? Nilichagua leso ya kujitanda, nikaenda kupigwa picha, nikakaa nimeinua kidevu. Rukia aliwaambia manesi wenzake wote. Salma alinisikiza, akasema kwa Kiswahili chake cha vipande, "Bibi, nitaleta class yangu yote."

Siku moja kabla ya kuonyesha watu, niliingia jikoni nikakikuta kiti dirishani, mahali pake hasa, jua limekiangukia. Picha yangu ukutani. Na pembeni Meneja anasimamisha vile vijiti viwili vya shaba, na kati yao kamba ya hariri nyekundu, ameichagua ifanane na kiti.

"Imependeza?" akaniuliza.

"Kamba ya nini?"

"Kina namba kuanzia kesho. Chenye namba hakikaliwi. Ni sheria, Bi Mwanaisha, unaijua kuliko mimi."

"Na kisipokuwa na namba?"

"Basi si cha maonyesho. Siwezi kukiwekea kibao, wala picha. Vyote huenda pamoja."

Niliitazama ile picha. Nilikuwa nimetoka vizuri, sikwambii. Leso imekaa, macho yamesimama. Kisha nikatazama kiti.

"Ondoa picha," nikasema.

"Nini?"

"Ondoa picha na kamba. Kiti kiache hapo dirishani, mgeni akichoka akae."

"Kitaharibika!"

"Kiti kikikaliwa huharibika. Kimetengenezwa kwa hilo."

Alijaribu kunibembeleza. Akaniambia baada ya miaka, hapana atakayejua kama niliwahi kuwepo. Na ni kweli. Nikamwambia la ahadi, mara ya kwanza kumwambia mtu. Akaifungua ile kamba taratibu, akaizungusha mkononi. Picha aliitoa yeye, mimi sikuweza.

Garini, tulipofika taa za karibu na Cedar Hill, Rukia akasema:

"Mama, nilishawaambia watu."

"Waambie mama yako ni mkaidi."

"Hilo wanalijua."

Kisha akalia kidogo, akaendesha.

Magoti yaliponikatalia ngazi za darini nilistaafu. Walinipa keki na brashi mpya ya manyoya ya mbuzi, sijui nikapanguse nini. Sasa nakaa Cedar Hill. Asubuhi magari yanatoka moja moja, mlango wa gereji unashuka, nyumba inanyamaza. Nikitoka kuanika nguo nje na kurudi, napiga hodi. Kuhusu kazi, nikiulizwa, nasema hivi: vitu vya watu nilivilinda kwa namna mbili. Vingi nilivilinda visiguswe, na sijutii, vimesimama mpaka leo. Kimoja nilikilinda kiguswe. Kilikuwa kigumu kuliko vyote.

Juzi Salma, ambaye siku hizi ana leseni yake, alisema atanipeleka Fort Worth. Tuliingia mlango wa mbele, wa wageni, nisiouzoea. Tukanunua tiketi kwa binti asiyenijua. Kizingitini nilisema hodi kwa sauti ya chini, Salma asinione mshamba. Tukapita sebuleni, viti vya mahameli nyuma ya kamba zao, safi, hapana vumbi, niliangalia. Magoti yalikuwa yananiwaka. Nilikuwa nimepanga kwenda moja kwa moja dirishani, nikae, nipumue, nimwambie Miss Lottie moyoni nimekuja.

Nikakuta kimekaliwa. Mwanamke mnene, mgeni tu, mwenye kichwa chenye mvi, ametoa visigino nje ya viatu, anajipepea kwa karatasi ya maelezo ya nyumba. Hakuwa anaangalia chochote. Alikuwa amechoka.

"Bibi," Salma akaninong'oneza, "that's your chair. Nimwambie?"

"Umwambie nini?"

"Ati ni chako. Akupishe."

Yule mwanamke akainua macho. "Unataka kukaa, mama?" akaniuliza, akaanza kujikusanya.

"La," nikasema. "Pumzika."

Akashukuru, akajiegemeza tena, akajigeuza kuelekea dirishani. Kiti kikalia. Kwi. Salma akanishika kiwiko, nami nikasimama pale, nikasikiliza.